Rasta Zangu na Zipu ya Goreth

Leo aibu yote ya mtaa wetu wa Ngagara nimeibeba peke yangu. Nawaandikia kutoka mkahawa wa intaneti wa mjini, ninyi mliotawanyikia Nairobi na Dar, kabla wengine hawajaniwahi kuwaandikia.

Mnajua nacheza raga. (Hamkujua? Basi mmejua. Mama naye amejua leo saa nne asubuhi.) Tulianza wasichana sita, tukiazima mpira kwa wanaume wakishamaliza mazoezi. Sasa tumetimia kikosi, na leo tumecheza na timu ya Buterere, mtaa wa ng'ambo ya daraja. Mnaelewa uzito wake. Tangu vita vianze, wa kwetu hawaendi kule, na wa kule hawaji huku. Wale wasichana wamekuja kwa miguu, wamepekuliwa na askari mara mbili njiani, na wamefika kabla yetu.

Kocha alikuwa ametuahidi kwamba baada ya mechi atasoma majina ya watakaoitwa, wa timu zote mbili, kwenye mazoezi ya timu ya taifa, ya kwanza ya wanawake. Nililitaka jina langu kwenye karatasi ile mpaka usingizi ukanikimbia.

Nikaenda kusuka. (Ndiyo, kabla ya mechi. Msiniulize.) Rasta mpaka kiunoni, kwa muda wa saa saba nimekaa kwenye kigoda. Kocha akaniambia nizifunge vizuri. Nikazifunga vibaya.

Mechi ikaanza. Ikaja mele, yaani wale wa mbele wa timu zote mbili wanainama, wanashikana mabega, wanasukumana vichwa vikipishana. Aliyenikabili anaitwa Goreth, mabega kama mlango wa kanisa. Alivaa jezi ya kaka yake, yenye zipu shingoni. Tukasukumana. Mpira ukatoka. Wote wakainuka wakaufuata.

Mimi na Goreth tukabaki.

Zipu ilikuwa imemeza rasta zangu, si moja, si mbili. Sikio langu liko chini ya kidevu chake. Nikajaribu kujivuta.

"We, usivute," akasema. "Utaning'oa shingo."

"Na mi utaning'oa kichwa."

Refa akapiga filimbi. Tukatembea kama kaa mpaka pembeni, watu wakishikana mbavu kwa kucheka. Hata askari wa kizuizi cha barabarani alikuwa ameusogelea uwanja ili aone vizuri. Wakajaribu kuifungua zipu, ikakataa. Mtu akasema aitwe fundi cherehani wa karibu, aje na mkasi.

Fundi cherehani wa karibu ni mama yangu.

Nilitaka kupinga, ila mdomo wangu ulikuwa umejaa jezi ya Goreth.

Mama nilikuwa nimemuaga kwamba naenda mazoezi ya kwaya. Akafika na mkasi, akasimama. Mimi nilikuwa naona viatu vyake tu.

"Kumbe hii ndiyo kwaya," akasema. "Na huyu mwenzako anaimba sauti gani?"

"Ya pili, Mama," Goreth akajibu kwa adabu zote.

Uwanja mzima ukaanguka kwa kicheko. Mama mwenyewe nikamsikia akijizuia, akashindwa.

Hakukata. Alisema hawezi kuharibu jezi ya mtoto wa watu, wala nywele za saa saba. Akatuketisha kwenye nyasi, akaanza kuzitoa moja moja. Huku akitoa akamuuliza Goreth ni wa nani. Goreth akasema mama yake analima mpunga kule. Mama akamwambia kwamba zamani mchele wake wote aliununua Buterere, na sasa ni miaka hajakanyaga huko.

"Njia inapitika sasa, Mama," Goreth akasema. "Uje. Nitakungoja kwenye daraja."

Rasta mbili zikatoka, ya tatu ikakatika. Kisha Mama akauliza siku gani wanavuna.

Tukarudi uwanjani. Mama hakuondoka. Alikaa kwenye nyasi na mkasi wake, na Goreth aliponipitia juu kwenda kufunga, nikiwa nimelala chali, nilimwona Mama akipiga makofi. (Kwa nani, sijathubutu kuuliza.)

Tumefungwa. Kocha akatoa karatasi. Jina la kwanza lilikuwa la Goreth, na wasichana wetu wakamshangilia kama wa kwetu. Langu lilikuja la mwisho kabisa. Nikaruka, nikamkumbatia nani? Goreth. Kwa uangalifu, upande usio na zipu.

Kocha akangoja nitulie, akaongeza kwamba niende mazoezini nikiwa nimenyoa.

Nimetoka kwa kinyozi sasa hivi. Mtakaporudi nyumbani mkinikuta na kichwa kinachong'aa, nisalimieni tu, mniulize habari za timu ya taifa.