Kanuni ya Visima na Saini ya Bi Marlys

Jumatatu, 1 Oktoba 2018

Leo wameniua bila kunigusa. Karatasi hazipokelewi tena! Miaka miwili ni mimi, Lonnie Hruska, ninayebeba kanuni za idara yetu ya maji hadi ofisi ya usajili ng'ambo ya barabara. Nakala tatu, saini ya wino, mhuri. Sekunde tisini kwa miguu, hata kwenye barafu. Kuanzia leo kila kanuni inatumwa kwa kompyuta, na saini ni ya kidijitali.

Brent wa kompyuta ametufundisha saa nzima. Ndevu amezichana kama za harusi. Akasema mbele ya watu wote, dogo, sasa miguu yako ipumzike. Wakacheka. Nikamwambia kaka, zipumzishe na ndevu. Hawakucheka sana.

Alieleza pia jambo fulani kuhusu faili likishatiwa saini. Sikusikia. Nilikuwa natafuta jibu kali zaidi.

Jumatano, 3 Oktoba

Hospitali, kwa Bi Marlys Tvedt. Ndiye mwandishi wa kanuni zetu, mwaka wa thelathini na moja huu. Nilipoacha shule (ukweli ni kwamba shule ilishindwa kunifuata) yeye ndiye aliyenipa kazi. Saratani imemla, yamebaki macho na ulimi. Ulimi ni mzima kabisa. Aliponiona tu akauliza, hizo nywele umechana kwa uma? Nikampa supu ya viazi aliyopika mama. Vijiko viwili, akaweka chini. Akauliza, mama yako ananilisha au ananihifadhi kwa chumvi?

Halafu tukaongea kanuni ya visima. Anayepangisha nyumba yenye kisima apime maji kwanza, amwonyeshe mpangaji majibu. Basi. Miaka minne anaipigania, wenye mashamba wanamzomea mikutanoni. Leo ndipo aliponiambia sababu. Mwaka 1979 yeye na mumewe walipanga nyumba shambani. Maziwa ya mtoto waliyakoroga kwa maji ya kisima. Mbolea ilikuwa imepenya humo, hakuna aliyewahi kupima. Mtoto aliitwa Solveig. Miezi minne. Midomo ikawa buluu, hakupona.

Akasukuma bakuli la supu pembeni. 

Ijumaa saa kumi na moja jioni unatimia mwaka tangu kanuni itangazwe. Isiposajiliwa kabla ya hapo, inakufa. Unaanza upya: tangazo, mkutano, wanasheria, mwaka mwingine. Daktari hakumpa mwaka. Amempa wiki.

Bi Marlys akasema kesho atatia saini hapohapo kitandani na nitakayetuma ni mimi. Si Brent. Mimi. Nikaahidi. Nilitoka nimerefuka.

Alhamisi, 4 Oktoba

Ametia saini! Niliweka laptopu ya ofisi juu ya sinia la chakula. Nenosiri akakosea mara mbili, akatukana kwa Kinorwe. Mara ya tatu likakubali.

Nikaangalia. Saini gani hii? Kisanduku cha kijivu, jina, tarakimu, saa na dakika. Kama risiti ya petroli! Saini yake ya wino naijua, ile 'y' ina mkia mrefu unaopita chini ya jina zima. Miaka minne ya kuzomewa, halafu risiti?

Akaniambia, tuma sasa hivi mwanangu, usingoje. Nikasema mtandao wa hospitali ni mbovu, nitaituma nikifika ofisini. Uongo. Nina mpango.

Ijumaa, 5 Oktoba

Mpango: nimetoa saini yake ya wino kwenye kanuni ya zamani, nikaikata vizuri, nikaibandika juu ya kile kisanduku. Mkia na kila kitu. Ilipendeza hadi macho yakanilowa. Nikahifadhi. Faili la mwanzo nikalifunika na hili jipya, sipendi uchafu.

Nikangoja saa kumi na dakika arobaini, Brent awe karibu aone kazi ya mtu mzima. Nikatuma kwa kidole kimoja.

Saa kumi na dakika hamsini na mbili jibu likaja. Imekataliwa. Waraka umebadilishwa baada ya kutiwa saini.

Brent akasoma, akawa mweupe. Akasema niliwaambia Jumatatu, ni kama bahasha yenye lakiri, ukiongeza hata nukta lakiri imevunjika. Faili la mwanzo liko wapi? Nikaonyesha. Halikuwepo. Nikapiga simu hospitali, Bi Marlys asaini tena. Nesi akasema amechomwa sindano ya maumivu, haamki.

Nikachapa nakala tatu nikakimbia. Sekunde themanini na moja, rekodi! Bi Geneva wa dirishani, anayenijua tangu siku ya kwanza, hakuzipokea. Akasema mwanangu, hata mhuri wenyewe wameuchukua. Tukatazamana mpaka saa kumi na moja ikapita.

Jumamosi, 6 Oktoba

Nimemwambia Bi Marlys imepita. Ningesema nini?

Jumanne, 9 Oktoba

Gazeti linalochapa kanuni zilizosajiliwa limetoka leo. Bi Marlys akataka nimsomee. Nikashika ukurasa wowote nikasoma kwa sauti ya mahakamani: Visima vya nyumba za kupanga, imesajiliwa. Akauliza namba. Nikasema sura ya arobaini, kifungu cha saba. Akasema hicho ni cha kuvua samaki kwenye barafu, alikiandika yeye mwenyewe.

Nikafungua ukurasa mwingine. 

Alinitazama muda mrefu sana. Kisha akashika mkono wa shati langu, akasema soma tena. Nikasoma tena. Akasema tena. Mara tatu. Ya tatu alifumba macho.

Nadhani aliniamini.

Jumapili, 14 Oktoba

Alfajiri. Nesi ndiye aliyepiga simu. Bi Marlys ametutoka.

Jumatatu, 5 Novemba

Kanuni ya visima inaanza upya! Mwandishi mpya, Bi Joletta Renvall, ameandaa tangazo, ametia saini, akaniachia nilitume kabla ya saa kumi na moja. Likichelewa leo, linasubiri hadi mwakani. Yeye ameenda kwa daktari wa meno. Ananiamini kwa sababu Brent hakumwambia mtu yeyote yale ya Oktoba. Sijui kwa nini. Ndevu zake bado mbaya.

Nimelisoma tangazo mara mbili. Jina la Bi Marlys halimo. Hata mara moja! Kana kwamba visima vimejiandikia vyenyewe.

Nimeongeza mstari mmoja mwisho kabisa: Kwa ajili ya Marlys Tvedt na Solveig. Ile ya Oktoba ilikuwa picha, picha ni nzito, ndiyo maana mashine ilishtuka. Haya ni maneno tu. Herufi ndogo, rangi ya kijivu, hata mimi nayaona kwa shida. Nimehifadhi.

Saa kumi na dakika hamsini. Natuma.