Siku ya Kuifunua Mashine ya Kadi, Ikungi

Ndugu Mwenyekiti wa Tawi, Ndugu Katibu, Ndugu Kaimu Msaidizi wa Katibu, Padri, Shehe, Mabalozi wa Nyumba Kumi, wageni mliofika kwa lori kutoka Shelui, na nyinyi wengine mliokaa juani: nawasalimu kwa niaba yangu mwenyewe. (Makofi kutoka kivulini.)

Ndugu zangu, ushirika wetu ulimtegemea mtaalamu wa kigeni, ambaye peke yake ndiye aliyejua kadi ya mkulima gani imewekwa wapi, naye akaenda likizo kwao akanogewa, majina yenu yakabaki yamevurugika kabatini. Ndipo mimi, bila kusukumwa na mtu, nikabuni Programu ya Kujitegemea Kitaalamu katika Menejimenti ya Data, yaani watumishi wetu wenyewe, watoto wa hapa hapa, waendeshe kwa efishensi mashine ya kuchambua kadi, hiyo iliyo mbele yenu chini ya shuka. (Watu wananyoosha shingo.) Msiiguse! Mashine ya kisasa haipendi vumbi.

Na wahitimu ni hawa wenye mashati meupe. Simameni, vijana. (Wanasimama kwa pamoja, soprano kushoto, besi kulia.) Mnaona nidhamu hiyo? Wamefaulu kwa asilimia mia na kumi, kiwango ambacho hata Dodoma hawajakifikia.

Naona mama mmoja amesimama. Shikamoo, mama.

(Ni Mama Marietha, mjane wa Mzee Mughwai. Anaitikia marahaba, anasema: "Mwanangu, kadi yangu haionekani tangu yule mzungu aondoke, na bila kadi sipewi mbegu. Mawingu hayo unayaona. Nyumbani nina uwele wa kasanduku kamoja tu. Hiyo mashine itanitafutia lini?")

Swali zuri, mama, na limepokelewa katika ngazi husika. Kaa, maliza uji wako. (Anakaa.) Utekelezaji uko mbioni, na mbio zenyewe ziko kwenye mchakato.

Data! Nikisema data, semeni idumu. Data! (Wahitimu peke yao, kwa sauti nne: Iduuumu!)

Sasa shukrani, maana mimi si mwizi wa fadhila. Namshukuru Ndugu Theodora, mwalimu wa kwaya, kwa kutuazima wahitimu. Baada ya mkutano huu watarudi kanisani kwenye mazoezi ya kwaya. Nashukuru kwa shuka, ambalo ni la kitandani kwangu. Mashine yenyewe tutaiagiza programu itakapoandikwa. Na kwa namna ya pekee namshukuru Mama Marietha, ambaye, ingawa alikuwa kisimani vijana wangu walipopita nyumbani kwake alfajiri, ametuazima sanduku hili lililokaa chini ya shuka kwa heshima kubwa. Uwele uliokuwamo hatukuutupa, mama. Tuliusaga, ndio uji tuliokunywa sote.

(Mama Marietha anatazama kikombe chake. Mvua inaanza kunyesha.)

Mnaona? Hata mbingu zinaunga mkono. Asanteni sana.