Sahani ya Mma Sebolai

Jumatatu, Machi 3

Barua imetoka shuleni. Ijumaa ni Siku ya Keki! Wanachangisha fedha za tangi la maji, na kila mama anatakiwa alete keki. Getini alisimama Mma Tumisang, mwenyekiti wa kina mama, jirani yangu wa nyuma ya nyumba, mwanamke ambaye hajawahi kuunguza kitu. Akatukumbusha kwamba keki iliyopikwa nyumbani inakaa mezani, juu ya kitambaa cheupe. Ya dukani inakaa kwenye benchi, kule bombani. Aliposema bombani alikuwa ananiangalia mimi, Mma Wame, yaani mama yake Wame.

Mwaka jana yangu ilikaa bombani. Wame wangu alisimama pale mchana kutwa kuilinda. Hakuna aliyenunua. Jioni yeye ndiye aliyenifariji. Eti si kitu, mama, nzi wameipenda.

Leo amerudi mbio, viatu mkononi. Ameliambia darasa zima kwamba safari hii mama yake anapika mwenyewe na keki itakaa kwenye kitambaa. Mwalimu amempigia makofi.

Sijawahi kupika keki maishani mwangu. Lakini Ijumaa bado iko mbali!

Jumanne, Machi 4

Sina oveni. Nimepika kwenye chungu cha miguu mitatu, makaa chini, makaa juu ya kifuniko, kama mama yangu alivyokuwa anapika mkate. Chini imetoka mkaa, juu uji. Mbuzi wa Mma Tumisang waliinusa, wakatazamana, wakaondoka.

Mpango mpya. Nitanunua supamaketi. Nitatoa plastiki, nitakwangua krimu, nitaibonyeza upande mmoja ipate sura ya kuteseka. Kilichobaki ni sahani. Mma Tumisang huinua kila sahani na kusoma jina chini yake, maana hapa Mahalapye kila mwanamke hubandika plasta yenye jina lake ili sahani yake irudi nyumbani. Ukileta keki kwenye kadibodi umeshajitaja.

Nikakumbuka kwamba ninayo! Ya bati, ukingo wa buluu, mawaridi katikati. Ilinifuata kutoka kwenye mazishi ya Mma Sebolai majira ya baridi. Sahani zilichanganyika, kama kawaida ya misiba. Yangu ya njano, yenye ukingo uliobanduka, ikabaki kule. Nilikusudia kuirudisha ya watu. Kisha nyumba ikafungwa, wanawe wakarudi Gaborone, nami nikawa na mambo mengi.

Huyo Mma Sebolai ndiye aliyekuwa anaipikia keki shule yote. Keki ya maziwa ya mgando na maganda ya chungwa. Watu walikuwa wanapanga foleni kabla hajafika.

Nimebandua plasta yenye jina lake nikaitupa motoni. Nikafagia. Niliporudi kuosha sahani, plasta ipo. Nyeupe, mpya. SEBOLAI. Wino umenipaka kidole.

Lazima zilikuwa mbili, moja juu ya nyingine. Marehemu alikuwa mtu makini sana.

Alhamisi, Machi 6

Imenunuliwa! Ya vanila, rahisi kuliko zote. Nikiwa kwenye foleni nikasikia mtu anapumua shingoni. Mma Tumisang! Nikaisukuma keki chini ya kabichi. Akauliza habari za nyumbani, akauliza habari za baba yake Wame kule mgodini, kisha akainama juu ya kikapu changu.

"Mma Wame, kabichi yako inanukia vanila."

Nikamwambia ni mbegu mpya. Akarudi ndani kuitafuta na yeye.

Mchana nikaiweka keki kwenye sahani ya mawaridi. Jua lilikuwa utosini. Kuku wakanyamaza. Redio ya jirani nayo ikanyamaza, katikati ya wimbo. Kisha nyumba nzima ikaanza kunukia maganda ya chungwa. Sina hata chungwa moja ndani.

Wame akaingia kunywa maji. Akasema kuna bibi getini, amevaa kofia nyeupe ya kanisani, anauliza kama mama amemaliza na sahani. Nikamwuliza amemjibu nini.

"Nimemwambia bado. Akasema haya, hana haraka."

Nikatoka. Hakuna mtu. Mchangani hakuna unyayo ila wa Wame, umekwenda mpaka getini, ukasimama, ukarudi.

Watoto wana mawazo mengi. Huyu atakuja kuwa mwalimu.

Ijumaa, Machi 7

Imekaa kwenye kitambaa! Katikati! Wame alisimama nyuma yake, amevuta soksi mpaka magotini, hapepesi macho.

Mma Tumisang akakata kipande cha kuonja, kama anavyowafanyia anaowashuku. Akatafuna. Akaacha kutafuna. Akaketi juu ya ndoo.

"Huu ni mkono wa Mma Sebolai," akasema polepole.

Kina mama wakasogea. Wakaonja mmoja mmoja. Mmoja alijifunika uso kwa shali. Nikaokota makombo, nikalamba. Chungwa. Maziwa ya mgando. Keki niliyoitoa mwenyewe kwenye plastiki!

Wote wakanigeukia. Wame pia. Ningeweza kusema kweli, halafu mtoto wangu arudi bombani.

"Alinifundisha," nikasema. "Kabla hajatutoka."

Mma Tumisang akainua sahani, akasoma jina la Mma Sebolai, lile lililokataa kubanduka. Akaipangusa kwa ncha ya shali yake, akanikabidhi kwa mikono miwili. Akasema kumbe marehemu aliniachia mpaka sahani yake. Nikaitikia kwa kichwa. Na nyuma yake, kule bombani, kwenye lile benchi, alikuwa amekaa mwanamke mwenye kofia nyeupe, mikono mapajani, ananitazama bila hasira, kama mtu anayesubiri unga uumuke. Nikapepesa macho. Benchi tupu. Bomba linadondoka.

Sasa kanisa linataka keki ya Pasaka kutoka kwangu. Nimekubali. Wame alinikumbatia mapaja mbele ya watu wote akasema hakuna mama kama mimi. Ningekataaje?

Jumamosi, Machi 8

Sahani lazima irudi kwao. Na sahani ya mtu huirudishi tupu, utasemwa mpaka Francistown. Nikaweka skonzi juu yake. Za pakiti. Nilizinyunyizia unga zionekane za nyumbani.

Kwa Mma Sebolai geti limefungwa kwa waya. Majani yamefika kiunoni. Nikapenya. Nikapiga hodi, "ko ko", kwa adabu, kwa sauti ambayo hata mimi mwenyewe sikuisikia. Nikaweka sahani kizingitini.

Ningeondoka hapo hapo ningekuwa salama. Lakini nyuma ya nyumba kuna tanuri lake la udongo, nikaenda kulitazama, nikaweka kiganja juu yake. La moto. Ni jua, nikajiambia. Kisha nikachungulia ndani. Makaa. Mekundu. Yamesukumwa pembeni vizuri, kama mtu amefagia nafasi ya kuweka kitu.

Nimekimbia. Ndala moja imebaki huko.

Jumapili, Machi 9

Tumetoka kanisani. Kizingitini kwangu ipo sahani ya njano. Yangu! Ukingo ule ule uliobanduka. Juu yake skonzi zangu zote, zimepangwa mstari, kila moja imeumwa mara moja tu na kurudishwa. Pembeni ndala yangu, imeoshwa. Kwenye kitasa cha mlango inaning'inia aproni nyeupe iliyopigwa pasi. Nikaishika. Bado ina joto.

Nikageuza sahani. Sijawahi kuibandika jina, sijawahi kuwa na plasta ndani ya nyumba hii. Sasa inayo. MMA WAME. Mwandiko ule ule wa sahani ya mawaridi.

Wame haoni ugumu wowote. Anasema bibi anataka ukajifunze, mama, ndiyo maana amekupa aproni. Ameniuliza kama na yeye atapata ndogo.

Mtoto hajui mambo ya biashara. Mimi nimeketi nikafikiri vizuri, nikaona hapa kuna bahati. Nafasi ya kitambaani ipo. Pasaka ipo. Yule mama ana mkono, ana tanuri, ana muda. Mimi napeleka ya dukani asubuhi, naiacha kizingitini, nairudia mchana ikiwa imeshabadilika. Kila mtu anafanya anachokiweza!

Jumatatu, Machi 10

Nimemwambia Mma Tumisang keki ya Pasaka isimpe wasiwasi. Nimenunua nyingine ya vanila ya kujaribia mpango. Kubwa zaidi.

Naandika haraka. Kuku wamenyamaza tena. Chungwa linanukia mpaka kwenye nguo. Mtu ameita "ko ko" getini na Wame amekwenda kuitikia.

Amerudi. Ni bibi. Anasema tanuri limeshika moto na mayai ameshayaweka, anamsubiri mama tu. Nimemwambia Wame akamwambie sipo.

Amekwenda. Amerudi.

"Amesema kama haupo basi, niende mimi."

Nimesimama. Mtoto wangu haendi peke yake kwa mtu yeyote, awe hai au vinginevyo. Nimevaa aproni. Imenitosha kama niliyepimwa. Tunakwenda, tutajifunza kupiga mayai, tutasema ndiyo mma kwa kila kitu, na mtoto wangu hatakaa bombani tena.

Chini ya aproni nimeficha ile ya dukani, ikitokea nafasi.

Wame amesimama mlangoni, amenyoosha mkono nimshike. Ananusa. Anasema mama, aproni yako inanukia vanila. Nimemwambia anyamaze. Bibi amelala chini ya udongo tangu majira ya baridi, pua yake haiwezi kuwa kama zamani.