Wiki Mbili za Kumbembeleza Mithu

Jumatatu, 10 Julai 2006

Nimempata! Kasuku yuko nyumbani kwangu Riruta, juu ya meza, ananitazama kwa jicho moja. Jicho la kushoto halioni.

Niandike kwa utaratibu. Mama Krish wa Hurlingham anahamia Leicester, Uingereza, kwa mwanawe, Jumapili ya tarehe 23. Marehemu mumewe, Bwana Jayanti, ndiye aliyenifundisha kutengeneza saa, na kasuku huyu, Mithu, alikaa nyuma ya kaunta yake miaka yote hiyo. Sasa ana miaka arobaini na mmoja. Miguu ina jongo, hawezi kushika kijiti chembamba mpaka kizungushiwe kitambaa. Kifua amekinyonyoa mwenyewe tangu mzee afariki. Yuko uchi kama kuku wa Krismasi. Hakuna anayemtaka duniani ila mimi.

Na Zadock.

Zadock ni jirani yangu wa meza kule mjini, chini ya ngazi. Mimi natengeneza saa, yeye simu. Tangu watu waanze kutazama saa kwenye simu, yeye ana foleni na mimi nina usingizi. Lakini nina mpango! Kasuku juu ya meza yangu, akitaja saa kwa sauti. Foleni mpaka barabarani. Kwa bahati mbaya Zadock alikwenda kurekebisha simu ya Mama Krish, akamwona ndege, naye akaomba.

Mama Krish ameamua hivi: Mithu akae kwangu mpaka Jumamosi ya tarehe 22, kisha atakuja mwenyewe kutazama. Mithu akichukua chakula mkononi mwangu, ni wangu. Akikataa, atakwenda kwa Zadock siku hiyo hiyo. Alisema hawezi kuondoka nchini kabla ya kuona kwa macho yake kwamba mzee huyu amepata mtu.

Akanipa pia shali yake kuukuu, mtungi wa pilipili, na saa ya ukutani ya Bwana Jayanti, iliyosimama wafungashaji walipoiteremsha. Akasisitiza niitengeneze hiyo kwanza, kabla ya jambo jingine lolote. Nikasema ndiyo, Mama. Nimeisukuma chini ya kitanda, pamoja na nyingine kumi na moja. Mganga hajigangi. Katika nyumba hii hakuna saa hata moja inayotembea.

Jumanne, 11 Julai

Ukungu umelala juu ya mabati tangu asubuhi. Siku nzuri ya kufanya urafiki.

Nilianza na kilicho bora. Nyama ya mbuzi, kutoka sufuria ya Wangeci, mke wangu, bila yeye kujua. Nilisahau kwamba kwa akina Mama Krish hata yai haliingii jikoni! Mithu aliipokea kwa ncha ya mdomo nilipoiweka sahanini, akaitazama, akaiangusha nje ya tundu polepole. Kisha akasema maneno ya Kigujarati. Sikuelewa hata moja. Lakini sauti ile naijua. Ndiyo aliyotumia Bwana Jayanti siku nilipopoteza skrubu ya saa ya daktari. Nilijikuta nimesimama wima.

Nikajaribu njia ya pili. Daftari hili lina picha ya kasuku kwenye jalada. Nikamwonyesha, aone kwamba hapa ana ndugu. Alichana ndugu yake katikati. Nimebandika kwa selotepu.

Wangeci amegundua nyama imepungua. Amesema mengi.

Alhamisi, 13 Julai

Mithu hali. Anakunywa maji, anang'oa manyoya, basi. Nyumba imenyamaza mno. Hata sokoni nimeona watu wakinitazama kama mtu aliye na mgonjwa.

Leo nilipanga jambo la akili. Anamkumbuka Mama Krish, sivyo? Basi nikajifunga shali yake kichwani, nikajipaka pauda ya Wangeci, nikamwendea kwa hatua ndogondogo, kwa upande wa kushoto, upande wa jicho lisiloona, ili anisikie harufu kabla hajaona masharubu. Mpango kamili!

Hakuniona mpaka nilipokuwa karibu kabisa. Alishtuka, akapiga kelele, akaniuma sikio. Wangeci alitoka jikoni mbio akaona mumewe amevaa shali, pauda na damu. Alicheka mpaka akakaa sakafuni. Kisha akanifunga kitambaa na kuniuliza kama mimi ningependa kuguswa nisikoona. Nikaenda kunawa pauda. Sikio lilikuwa likiuma.

Kilichonichoma zaidi ni Mithu. Baada ya kuniuma alitetemeka kwa muda mrefu, amejibana kwenye kona ya tundu na miguu yake mibovu. Nilimwogopesha mzee wa watu. Niliona haya kweli.

Jumamosi, 15 Julai

Zadock amekuja. Bila kualikwa! Eti kupiga hodi tu, eti kuwasalimu. Mfukoni alikuwa na karanga na simu tatu.

Alikaa kwenye kiti changu, akaliza simu. Mithu akainua kichwa. Akaliza tena. Mithu akajibu, mlio ule ule, bila kukosea hata kidogo! Siku tano nimembembeleza kwa Kiswahili, Kikuyu na Kigujarati cha kubuni, hakunipa hata kikohozi. Zadock alicheka, akasema, "Buda, hii ndege ni yangu, wewe unailindia tu." Nikamwambia asubiri vifaranga waanguliwe ndipo awahesabu. Akasema anajua kuhesabu.

Karanga zake lakini Mithu hakuzigusa. Nimeandika hilo kwa wino mzito.

Tangu aondoke, simu imelia mara kumi na nne. Nimeinuka mara kumi na nne kutafuta simu yangu. Ni Mithu.

Jumapili, 16 Julai

Kutoka kanisani Wangeci alitoa amri. Nitengeneze saa ya Mama Krish leo, la sivyo zote kumi na mbili zitapelekwa jalalani. Alisema nyumba isiyo na saa inayotembea ni kama nyumba iliyohamwa, na kwamba hata yeye imemchosha. Nikamwambia, Mama Shiko, nina ndege wa kuokoa, sina wakati wa saa. Akanyoosha kidole chini ya kitanda.

Nikaitoa. Kamani, ile springi yake, ilikuwa nzima, ni kipini kimoja tu kilichopinda. Nikakinyoosha, nikaitundika saa juu ya meza, nikatia ufunguo, nikasukuma pendulamu. Bwana Jayanti alinifundisha kuisikiliza saa kwa kiganja: unaweka mkono ukutani karibu nayo, unafumba macho, unahisi kama pigo la kulia ni sawa na la kushoto. Masikio hudanganya, alikuwa akisema, mkono haudanganyi. Nikaweka mkono. Sawa kabisa.

Mle ndani mkawa na joto la jiko, nje ukungu. Nikaketi. Nikasinzia. Niliota natembea Barabara ya Argwings Kodhek, haina gari hata moja, imejaa wingu, na Bwana Jayanti anakuja kutoka upande wa pili na koti lake la kahawia. Aliniuliza saa ngapi. Nikatazama mkono, sina saa. Hakunikaripia. Alitabasamu tu akaendelea kutembea, na viatu vyake vikawa vinahesabu.

Nilipoamka, Mithu alikuwa ametoka tunduni. Mlango nilikuwa nimeusahau wazi. Alikuwa juu ya meza, shubiri moja kutoka kiwiko changu, amefumba lile jicho zima. Sikupumua.

Wangeci amesema ni saa. Kumbe hakumbuki kwamba asubuhi nilimpa Mithu papai! Ni papai.

Jumatano, 19 Julai

Siku tatu sijaenda mjini baada ya adhuhuri. Nakuja nyumbani, naketi chini ya saa, Mithu naye anajongea. Jana alikula pilipili mbili kutoka sahanini nikiwa hapo hapo. Kifua hajakigusa tangu Jumapili. Kuna vimanyoya vipya vimechomoza, vya kijivu, laini kama vumbi. Mchana kutwa tunaota, yeye ndoto zake, mimi zangu.

Zangu zimebadilika kidogo. Ile foleni bado ipo, lakini nikiifuata mpaka mwisho namkuta Mithu tu, peke yake, amesimama juu ya kitambaa safi. Nisiseme uongo katika daftari langu mwenyewe. Akienda kwa Zadock nitaugua.

Lakini mkononi hajala. Chapati namnyooshea, ananitazama, anasubiri niiweke chini. Zimebaki siku tatu! Papai peke yake halitoshi. Mpango mpya: papai, shali, pauda, na kimya. Hasa kimya. Mtihani ni mtihani. Tulipokuwa shule, siku ya mtihani hata jogoo wa mwalimu mkuu alifungiwa.

Jumamosi, 22 Julai

Nitaandika yote kwa utaratibu.

Saa tatu asubuhi nilijifunga shali. Papai tayari, chapati tayari. Kisha nikasimamisha saa, isije ikamchanganya. Wangeci alinisihi nisiiguse. Nikamwambia yeye apike chai, mitihani aniachie mimi.

Mama Krish alifika kwa teksi. Nyuma yake Zadock, na tundu jipya linalong'aa. Mama Krish alitazama shali yake kichwani kwangu. Alikaa. Nikamtoa Mithu tunduni, nikamkatia kipande cha chapati, nikanyoosha mkono.

Akanigeuzia jicho lisiloona.

Cha pili, hivyo hivyo. Cha tatu, akainamisha kichwa na kung'oa unyoya kifuani. Mojawapo ya vile vipya! Nililia ndani kwa ndani. Zadock akaliza simu, Mithu akaitikia, lakini karanga ya Zadock nayo aliipa mkia. Mama Krish alijifuta macho kwa ncha ya sari. Alisema basi, Zadock walau anamchangamsha, afadhali aende. Akainuka. Akashika kishikio cha lile tundu jipya.

Kisha akatazama juu, akauliza, "Fundi, mbona hii saa ya mzee haitembei?"

Aibu! Mbele ya mjane wa mwalimu wangu! Nilisahau mtihani, nikasahau Zadock. Nikavua shali kwa sababu ilinifunika macho, nikasogea ukutani, nikasukuma pendulamu. Nikaweka kiganja, nikafumba macho, niisikilize. Kulia. Kushoto. Nilitaka tu Mama Krish ajue kwamba sikuiharibu. Mkono mwingine ulining'inia mezani na kile kipande cha tatu, nilikuwa nimekisahau.

Nikasikia kucha juu ya mbao, zikisimama, zikiendelea, zikisimama. Kisha kitu kizito kikapanda mkono wa koti langu, hatua moja moja, kwa maumivu. Kisha mdomo mkavu, baridi, ukachukua chapati kwenye vidole vyangu kana kwamba unaomba radhi. Sikufumbua macho. Yalikuwa yamejaa.

Mama Krish alilia waziwazi. Alizungumza na Mithu kwa Kigujarati kwa muda, akambusu kichwani, akaniambia ni wangu, kwa sharti moja: nisimpeleke mjini kamwe, baridi na kelele vitamuua. Nikaapa. Zadock alisaidia kubeba vikombe jikoni, akasema kwa sauti ndogo kwamba yeye pia hakutaka hasa. Nilimwamini. Lile tundu lake jipya ametuachia.

Nimeshinda! Ni shali. Niliivua, ndiyo, lakini harufu ilikuwa imebaki kwenye nywele.

Jumanne, 25 Julai

Mama Krish alisafiri juzi. Nyumba ya Hurlingham imefungwa.

Nimewaza sana, nikapata. Mithu haruhusiwi mjini, sawa, kiapo ni kiapo. Lakini saa ya Bwana Jayanti haikuapishwa! Na Mithu ana haja gani na saa? Hana kazi ya kuchelewa. Leo asubuhi nimeibeba nikaitundika juu ya meza yangu, chini ya ngazi, ivute wateja. Zadock aliisifu. Mchana kutwa amekuja mtu mmoja. Alisimama, akaitazama vizuri, akarekebisha saa ya simu yake, akashukuru, akaenda. Kila biashara ina mwanzo.

Narudi saa kumi, Wangeci ananisubiri mlangoni. Amenitaka nirudishe saa ya watu. Amesema, "Baba Shiko, nenda usikie mwenyewe." Nikaenda. Mithu alipanda mkono, akapanda bega, akaegemeza kichwa chake kwenye sikio langu, lile lile aliloliuma. Na kutoka kooni mwake, polepole, kulia, kushoto, kulia, kushoto, pigo kwa pigo. Sauti ya saa kabisa. Nikaweka kiganja kifuani kwake, juu ya vimanyoya vipya, kuhakikisha. Halikuchelewa hata pigo moja.

Tumelala pale kitini mpaka giza likaingia, usingizi mtamu ambao sijaupata tangu nikiwa mwanafunzi.

Maskini Mithu. Ni kifua, bila shaka, kwa baridi hii ya Julai. Kesho nitamchemshia tangawizi, imtoke hiyo sauti.