Nakwa Juu na Nakwa Chini

Jumatatu, 12 Mei 2025
Siku njema! Mama Scholastica, mkuu wa chuo chetu, ametangaza kwamba karibuni atateua kiongozi wa kitengo cha kompyuta. Kitengo kina watu wawili: mimi na Salme. Mimi nilitangulia kuajiriwa. Salme kanizidi kitu kimoja tu. Watu wanamwelewa.

Tumepewa kazi ya kupanga vifurushi. Yaani unafunga programu pamoja na maelekezo yake, unabonyeza mara moja kwenye kompyuta kuu, na kompyuta zote za chuo zinajiwekea zenyewe. Salme kapendekeza kila kifurushi kiitwe kwa jina la programu, toleo lake, na kazi yake: kuweka au kuondoa. Mkuu kasifu. Kasifu nini? Kila mtu akielewa majina, mimi Melkiadi nitahitajika kwa lipi?

Jumanne, 13 Mei
Wazo limenijia nikipiga mswaki. Nimemuwahi Salme kazini, nikabadilisha majina yote, nikaweka ya kata za hapa kwetu. Uhasibu sasa ni Bonga. Uchoraji ni Sigino. Sijaandika popote, yote yamo kichwani. Salme akauliza kwa upole, "Kaka Melkiadi, Bonga ndiyo nini?" Nikamjibu ni mambo ya usalama. Akanitazama sana, akarudi kwenye chai yake. Kashindwa!

Jumatano, 14 Mei
Balaa. Nimetangaza kwenye kundi la WhatsApp la chuo kwamba vifurushi viko tayari, waniulize mimi tu. Wakaniuliza! Baba Vailet, mwalimu wa useremala, anataka kujua ni GB ngapi kwa buku, ile elfu moja yake. Mwalimu Jacqueline anataka cha wiki, chenye dakika za mitandao yote. Mpishi kaja mwenyewe, simu mkononi. Nimeeleza mpaka koo likakauka kwamba hivi si vifurushi vya intaneti. Baba Vailet kasema mimi ni mchoyo tangu zamani. Salme kacheka mpaka akashika meza.

Halafu majina ya kata yananiishia. Programu mpya ya kuandikia nimeiita Nakwa Juu. Kifurushi cha kuiondoa ile ya zamani, Nakwa Chini. Au kinyume chake. Nitakumbuka.

Alhamisi, 15 Mei
Sijakumbuka. Kesho ni mtihani wa kuchapa. Nimezunguka uwanja wa chuo mpaka mlinzi akaniuliza nimepoteza nini. Salme kashauri tujaribu kwanza kwenye kompyuta moja. Nimekataa katakata. Tukijaribu, atajua kwamba sijui.

Ijumaa, 16 Mei
Wanafunzi wameketi. Nikabonyeza Nakwa Juu. Programu ya kuandikia ikaanza kupotea, mstari wa kwanza, wa pili, mpaka nyuma! Fabiola akasimama. Huyu alikosa mtihani mwaka jana kwa sababu ya uzazi, na leo kamwacha mtoto kwa mama yake huko Sigino. "Mwalimu, yangu imefutika!" Machozi yanamtoka. Nikabonyeza Nakwa Chini. Zikafunguka kompyuta zote zikiwa na mchezo wa karata. Sijui niliufunga lini kwenye kifurushi hicho.

Mama Scholastica kaingia, kasoma jina kwenye skrini yangu. "Melkiadi, Nakwa ndiko ninakoishi. Inafanya nini kwenye mtihani?" Salme alikuwa amehifadhi nakala za vifurushi, zenye yale majina yake ya wazi. Akachagua kimoja bila hata kuuliza, akabonyeza. Kazi imekwisha. Fabiola alimaliza wa mwisho, akamshika Salme mkono kwa muda mrefu. Mimi nilisikia kitu kizito kifuani. Njaa, bila shaka. Sikuwa nimekunywa chai.

Jumatatu, 19 Mei
Salme ndiye kiongozi. Nimempa hongera mbele za watu, meno yote nje. Mimi nimehamishiwa kwenye utunzaji wa funguo za chuo. Mkuu kasema ni kazi rahisi, kila ufunguo una kibandiko chenye jina la mlango wake.

Ulikuwa nacho. Asubuhi hii nimevibandua vyote. Sasa tuone kama chuo hiki kitaishi bila Melkiadi! Milango yote naijua kwa kichwa, isipokuwa choo cha walimu. Niliufunga kabla ya kubandua, kumbe Baba Vailet yumo ndani, na sasa anagonga kwa nguvu. Nimemwambia atulie. Nimeshajaribu funguo nyingi, na huu ninaoushika sasa una sura ya choo kabisa.