Hitima ya Mzee Kibwana, Mwaka wa Uchaguzi

Jumatatu, 16 Oktoba 2000

Siku kumi na tatu zimebaki. Leo mkutano wa kampeni, uwanja wa mashine ya kusaga. Waliohudhuria kumi na saba. Tisa wanachama, nikiwemo mimi mgombea udiwani, yaani chama kizima cha kata hii. Wanane walikuwa wanasubiri unga wao. Mashine ilipowaka nikamalizia hotuba kwa mikono.

Mpinzani wangu Gabrieli, mjukuu wa Mnyamwezi mkata mkonge wa Rudewa, amepewa lori la miwa kutoka Kidodi na spika mbili. Anazunguka vijiji vyote, anaimba. Hana sera. Ana sauti tu. Mimi nina baiskeli, na nina elimu. Niliuza tiketi stesheni ya reli Kilosa kwa miaka kumi na tisa, mpaka nilipopunguzwa kazini. Karatasi naijua.

Baada ya hotuba mzee mmoja aliuliza leo tunakula nini. Nikamweleza kwa upole kwamba sheria ya uchaguzi inakataza kulisha wapiga kura. Akasema basi niiombe hiyo sheria inipigie kura.

Nyumbani mke wangu Mwanakheri alinikuta nayatazama magunia yake matatu ya mpunga wa Tindiga. Sijafungua mdomo, akanikumbusha kwamba ule si mpunga, ni mabati. Atauza Desemba bei ikipanda, tuezeke kabla ya masika. Nyasi za paa letu zimeoza, kweli, siwezi kubisha. Nikamwambia nilikuwa natafuta panya.

Jumatano, 18 Oktoba 2000

Mikumi, juu ya lori la mkaa. Nimerudi mweusi lakini mwenye furaha.

Nilimfuata Lazaro, zamani karani wa mahakama, sasa anachoma nyama pale malori ya Zambia yanaposimama. Ana karatasi za sheria zote, nyingine anafungia nyama. Nikamweleza shida yangu. Akafuta mikono, akapekua chini ya mizani, akatoa ukurasa wenye mafuta. Sheria imerekebishwa mwaka huu huu! Ukarimu wa kawaida au wa jadi, ukifanywa kwa nia njema, si hongo. Jina lake takrima.

Nilisoma mara tatu. Kumbe hongo na takrima ni pilau lile lile, tofauti ni mila. Ukiwalisha watu kwa sababu ya kura, jela. Ukiwalisha kwa sababu ya mila, halafu wao wenyewe wakakumbuka kura, nani wa kuwazuia?

Lazaro akaagiza nusu kilo ya mbuzi kwa hesabu yangu. Nikamuuliza kwa utani hiyo ni takrima au hongo. Akasema hapa Mikumi inaitwa chakula cha mchana, na pilipili inalipiwa mbali.

Alhamisi, 19 Oktoba 2000

Usingizi haukuja, lakini mila imekuja. Babu yangu mzaa baba, Mzee Kibwana, alifariki mwaka 1961. Miaka thelathini na tisa hajasomewa hitima nyingine. Aibu kubwa kwa ukoo wetu. Namshukuru Mungu nimeigundua siku kumi kabla ya uchaguzi.

Nimeandika barua kwa Bi Hildegarda, mtendaji wa kata, ambaye ndiye msimamizi msaidizi wa uchaguzi hapa kwetu. Nakala tatu kwa karatasi ya kaboni. Ili isionekane janja ya kisiasa, nimeijaza mila kila mstari. Dua itasomwa na mwalimu wa madrasa. Chakula kitaliwa kwenye masinia. Mwisho nikaongeza sentensi ninayojivunia: “Watani wa marehemu watapewa haki zao zote kama ilivyo desturi ya Wasagara.” Inaleta uzito.

Bi Hildegarda akauliza kama patakuwa na bendera. Hapana. Hotuba? Hata moja. Akasoma sentensi ya watani mara mbili, akaniuliza kama nina hakika nayo. Nikajibu kwamba bila watani hakuna mila. Akagonga muhuri, huku anatabasamu. Nadhani amevutiwa na mwandiko wangu.

Ijumaa, 20 Oktoba 2000

Siku ngumu. Nilimwambia Mwanakheri kwamba babu ananijia ndotoni, ana njaa.

Nilitegemea ugomvi. Akalia. Akasema miaka yote alidhani nimeoa siasa, kumbe moyoni nina wazee wangu. Akaniuliza swali moja tu, kama jambo hili halina uchaguzi ndani yake. Nikaapa kwa jina la Mzee Kibwana. Niliona babu hawezi kukataa, maana chakula ni chake.

Akatoa magunia mawili yaende kukobolewa. Moja akaliacha. Akasema Mungu ataleta mabati kwa njia nyingine. Nilijisikia vibaya mpaka adhuhuri. Nikishakuwa diwani nitaezeka nyumba nzima na choo.

Jumapili, 22 Oktoba 2000

Naandika kwa hasira.

Asubuhi ilikuwa nzuri. Watu zaidi ya mia tatu. Masufuria manne, mbuzi wangu wawili ndani yake. Rafiki yangu Abubakari, wakala wangu wa uchaguzi, alisimama langoni akimwambia kila mgeni, kwa nia njema kabisa, mwenye shughuli ni nani. Hitima ikasomwa. Dua ikafungwa. Nikashika mwiko niwapakulie wapiga kura wangu kwa mkono wangu mwenyewe.

Hapo ndipo alipoingia Gabrieli. Amejipaka majivu usoni, amevaa kanzu iliyochanika, nyuma yake wazee wanne wa Kinyamwezi wanabisha hodi kwa fimbo. Nilikuwa nimesahau. Nakiri hapa, kwenye daftari tu, kwamba nilikuwa nimesahau. Wanyamwezi ni watani zetu tangu enzi za misafara. Nimewaalika mwenyewe kwa barua yenye muhuri.

Akaninyang'anya mwiko. Akakalia mfuniko wa sufuria kubwa. Kisha akaanza kukohoa, na uwanja mzima ukanyamaza, maana kile kilikuwa kikohozi cha Mzee Kibwana. Baba yake Gabrieli alikuwa anakiigiza kila jioni kwenye kambi ya mkonge, wazee wote wanakijua. Akawa ndiye babu. Akauliza mjukuu wake yuko wapi, mbona hamsalimii.

Watu mia tatu wananitazama. Mtani hakasirikiwi, na babu hanyimwi shikamoo. Nikainama. “Shikamoo, babu.”

“Marahaba, mjukuu wangu. Miaka thelathini na tisa nimelala na njaa. Leo umenikumbuka. Huko juu kuna nini mwezi huu?”

Walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Mwalimu wa madrasa alijifunika kwa kilemba. Mimi mwenyewe, aliporudia kile kikohozi, nilimwona babu dhahiri, amekaa mlangoni na kofia yake ya ukili, ananikatia muwa. Nikacheka, nikataka kulia. Siandiki tena habari hiyo.

Akapakua pilau lote yeye. Kila sinia alilipeleka mwenyewe, akamuuliza kila mtu hali ya nyumbani. Walimwambia ahsante Gabrieli. Mimi nilipewa ukoko, kwa sababu, alisema, wajukuu hula mwisho.

Mwanakheri hakucheka. Alisimama na kikapu cha bilauri, ananitazama tu.

Jumatatu, 23 Oktoba 2000

Nimepeleka malalamiko. Kurasa nne. Gabrieli amefanya kampeni kwa kutumia chakula cha mpinzani, kinyume cha sheria.

Bi Hildegarda akaifungua ile barua yangu kwenye faili. Akanisomea sentensi ninayojivunia. Halafu akaeleza, taratibu, kana kwamba anaongea na mtoto, kwamba ana njia mbili. Ikiwa jana ilikuwa mila, mtani kafuata mila na hakuna kosa. Ikiwa jana ilikuwa kampeni, basi mtu kalisha wapiga kura mia tatu, naye ataandika jina la aliyepika. Akafungua kalamu. Akaniambia nichague.

Nikachagua mila. Nikaomba kurasa zangu nne. Akasema nakala inabaki ofisini.

Jumatano, 25 Oktoba 2000

Imenyesha mapema. Si mvua ya maana, lakini paa letu halihitaji mvua ya maana. Tumeweka ndoo mbili na lile sufuria kubwa, ambalo lilikuwa limekaa bure.

Mwanakheri haongei. Usiku tulihamisha kitanda mara tatu, kimya. Mara ya tatu akasema aliniuliza swali moja tu siku ile. Nilitamani agombe kama kawaida yake, maana kelele zake nimezizoea.

Jumapili, 29 Oktoba 2000

Siku ya kupiga kura. Nimevaa suti ya reli. Mstari mrefu, watu wananiuliza babu hajambo. Nawajibu hajambo. Ustaarabu kwanza.

Abubakari amepiga hesabu. Ukiondoa wagonjwa na wanafiki, tunashinda kwa kura arobaini.

Jumatatu, 30 Oktoba 2000

Matokeo yamebandikwa ukutani. Gabrieli elfu moja mia moja na sita. Mimi nane.

Nane! Chama kina wanachama tisa. Nimekaa mchana kutwa na daftari la chama nikimtafuta msaliti. Abubakari ameapa kwa msahafu. Wengine sita nimewapitia nyumba kwa nyumba kwa baiskeli, wote wameapa. Mimi nilijipigia, nakumbuka vizuri. Amebaki mwanachama namba mbili.

Namba mbili ni Mwanakheri. Nilimuuliza wakati anamwaga maji ya ndoo. Akasema kura ni siri, sheria imesema hivyo, na mimi si ndiye mtu wa sheria.

Jumamosi, 4 Novemba 2000

Gabrieli amekuja, mheshimiwa diwani mzima, na mkokoteni wenye mabati kumi na mbili. Nikasimama mlangoni nikamwambia hii ni hongo. Akasema uchaguzi umekwisha, atamhonga nani. Mtani akila pilau la msiba hulipia alivyoharibu, na yeye kaharibu magunia mawili ya mama mwenye nyumba. Hakunipa mimi. Alimpa Mwanakheri, akampa pole kwa babu, na pole nyingine kwa mjukuu.

Mwanakheri akacheka. Siku kumi na tatu sijasikia kicheko kile, na moyo wangu ulipoa, lazima niseme. Kisha akaniletea nyundo, akasema nichague, juu na misumari au nje na mkeka.

Nimepanda. Juu kule kuna upepo na mtu anafikiri vizuri. Nimeona wazi kosa lilikuwa wapi. Sheria ni nzuri. Pilau lilikuwa zuri. Kosa ni sentensi moja.

Babu yangu mzaa mama alifariki mwaka 1958. Naye hajasomewa hitima tangu hapo. Uchaguzi ujao ni mwaka 2005, mbali kidogo, lakini barua nzuri haiandikwi kwa haraka. Nimeianza leo, nakala tatu. Sijamtaja mtani hata mmoja.

Na gunia moja bado lipo. Nimelihesabu mwenyewe kutoka juu ya paa, kabla sijapigilia bati la mwisho.