Vicheko Arobaini na Kimoja vya Shangazi

Jumatatu, 3 Juni

Namshukuru Mungu kwa kunipa shangazi. Wengine wamepewa viwanja, mimi nimepewa shangazi, na sioni kama nimepunjwa.

Leo tumefanya filamu mpya. Nasema "tumefanya" kwa sababu kazi tumegawana: Shangazi hutazama, mimi huandika. Safu yangu katika gazeti letu la kila wiki inaitwa "Cheka Ukitetemeka". Inahusu zile filamu za kutisha na kuchekesha zinazotengenezwa na watu wenye kamera moja, shuka nyeupe moja na rangi ya midomo ya kuigizia damu. Mwaka wa nne sasa naiandika. Katika miaka yote hiyo sijatazama hata filamu moja mpaka mwisho. Mzuka ukitokea tu, macho yanajifunga yenyewe. Sio woga. Ni macho.

Utaratibu wetu hauna makuu. Naweka diski kwenye deki sebuleni kwa Shangazi, nampa rimoti, naingia jikoni, nafunga mlango, naziba upenyo wa chini kwa kitambaa. Mlango ule ni mbao nzito ya zamani. Hakuna kinachopita isipokuwa kicheko cha Shangazi. Akicheka, napiga mstari daftarini. Vicheko kumi, nyota mbili. Vicheko ishirini, nyota nne. Baadaye tunakunywa chai, ananisimulia nani alikuwa mzuka na nani alikimbia, nami naongeza chumvi.

Filamu ya leo inaitwa "Jeneza la Kukodi". Imetengenezwa na fundi cherehani wa mtaa wa nyuma ya soko, na ni yake ya kwanza. Nilitegemea vicheko sita, saba kwa kumwonea huruma. Shangazi akacheka arobaini na kimoja! Mara mbili alipiga paja kwa nguvu, hadi nikasikia kupitia mlango. Penseli ilikwisha ncha.

Chai hatukunywa. Mhariri alitaka makala kabla ya saa nane. Hadithi yenyewe nimeichota kwenye picha ya kasha: kuna jeneza, kuna bibi, kuna cherehani. Nimetoa nyota tano na kumalizia hivi: "Hutatoka ukumbini ukiwa vile ulivyoingia." Sentensi nzuri sana. Nimeisoma kwa sauti mara tatu.

Jumatano, 5 Juni

Gazeti limetoka. Saa nne asubuhi Fundi mwenyewe akaja ofisini, gazeti kalikunja kifuani, macho yamelowa. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili. Alisema ametumia miaka miwili kuitengeneza filamu ile kati ya suruali moja na nyingine, ndugu wakimcheka, tena wakimcheka pasipo pa kucheka. Mwenye ukumbi alikuwa amemkatalia. Aliposoma makala yangu akabadili nia: filamu itaonyeshwa Jumamosi, saa tisa alasiri. Watu wakiipenda, itarudiwa Jumamosi nne mfululizo. Wasipoipenda, Fundi amemwahidi mkewe kuiuza kamera na kurudi kwenye vifungo vya mashati moja kwa moja.

Akasema mimi ndiye mtu wa kwanza kuielewa ile sehemu ya cherehani. Nikamjibu kwamba cherehani ile haijanitoka moyoni. Sikudanganya sana.

Anataka nikae naye mstari wa mbele. Nikakubali kabla sijafikiri, maana mtu akikushukuru kwa mikono miwili, kichwa chako kinaitikia chenyewe.

Hapo mwenzangu tunayemwita Miwani akainua shingo kutoka mezani kwake. Miwani anaandika ukurasa wa nyota za kubashiri, na safu yangu anaimezea mate tangu mwaka juzi. Aliuliza, kwa upole wa kutia shaka, kwa nini makala zangu hazitaji kamwe kinachotokea katikati ya filamu. Nikasema nawaheshimu wasomaji, siwaharibii utamu. Akasema Jumamosi na yeye atakuja, na kalamu yake.

Alhamisi, 6 Juni

Nimekwenda kwa Shangazi anisimulie filamu, nisije nikaumbuka. Akauliza filamu gani.

Nikaketi.

Kumbe Jumatatu rimoti iliishiwa betri. Luninga yake haina kitufe, kiling'oka zamani. Hakutaka kunisumbua, kwa sababu alijua niko jikoni nafanya kazi. Basi wifi yake akampigia simu, wakapiga soga saa nzima. Wifi yake huyo ni mama yangu mzazi. Nikauliza kilichokuwa kinawachekesha ni nini. Shangazi akaanza kucheka upya. Eti mama alikuwa anamkumbusha siku nilipotoka mbio na kuruka ua, nikikimbia shati langu mwenyewe lililoanikwa kwenye kamba. Nilikuwa na miaka kumi na minne.

Kwa hiyo vicheko arobaini na kimoja vilikuwa vyangu. Nimejipa nyota tano mimi.

Nikasema basi tuitazame sasa hivi, yaani aitazame. Lakini diski iko kwa mwenye ukumbi tangu jana. Maji yamenifika shingoni. Ikiwa filamu ni mbovu, mimi nitapoteza safu, na Fundi atapoteza kamera kwa sababu yangu. Lile la pili ndilo limenikosesha hamu ya kula, na nimejishangaa.

Ijumaa, 7 Juni

Mpango wa kwanza: kuumwa. Nimempigia Mhariri kwa sauti ya kitandani. Akasema pole sana mdogo wangu, pumzika, nitamweka Miwani azungumze ukumbini badala yako. Nikapona palepale. Hata yeye alishangaa.

Mpango wa pili ni wa kisayansi. Nimenunua miwani nyeusi na kuibandika karatasi kwa ndani. Sioni kitu. Masikioni pamba. Shangazi atakaa kushoto kwangu na kunifinya: mara moja, nicheke, mara mbili, nitikise kichwa kwa masikitiko. Tumefanya mazoezi sebuleni. Sikuangusha chochote isipokuwa kigoda.

Shangazi aliniuliza kama isingekuwa rahisi zaidi kutazama tu. Nikamwambia kila kazi ina siri zake. Akanipa chai. Huyu mwanamke ni zawadi.

Jumamosi, 8 Juni

Naandika nimekaa upande. Sababu itaonekana.

Ukumbi ulijaa. Watu walikuja na makala yangu mikononi, wengine wameipigia mstari. Kushoto kwangu Shangazi, kulia Fundi, baada yake Mhariri, kisha Miwani na kalamu. Nyuma yangu aliketi bibi mmoja. Sikumwona, nilikuwa nimeshavaa miwani, ila nilimwamkia shikamoo naye akaitikia marahaba kwa sauti tamu ya kizee.

Mhariri alinisukuma nisimame niseme neno. Nikasema filamu hii haihitaji maneno. Watu wakapiga makofi. Hapo nilijiona nimemaliza kazi.

Taa zikazimwa. Nikangoja kufinywa. Sikufinywa. Nikangoja tena. Shangazi kimya, mkono wake umetulia kwenye wangu. Dakika kumi, kumi na tano. Nikachomoa pamba ya sikio moja. Ukumbi mzima ulikuwa umenyamaza, kiti tu kikilia hapa na pale, na kalamu ya Miwani ikikwaruza karatasi. Hakuna aliyecheka. Hakuna aliyeogopa. Watu walikuwa wanasubiri waambiwe wafanye nini.

Halafu nikahisi kiti changu kinatetemeka. Lilikuwa goti la Fundi. Alikuwa ananong'ona peke yake, na nilisikia neno moja tu, "kamera".

Nilimwonea huruma, ile inayouma chini ya mbavu. Mtu huyu alinishukuru kwa mikono miwili kwa jambo ambalo sikulifanya. Nikasema moyoni: nitamlipa kicheko kimoja cha haki. Na kicheko cha haki hakitoki gizani. Nikapiga moyo konde, nikavua miwani.

Laiti ningengoja kidogo. Ndio kwanza jeneza lilikuwa linafunguka. Ndani yake amelala bibi, uso mweupe kwa unga, futi ya kupimia nguo shingoni. Akafumbua macho. Katika ukumbi mzima ule akanitazama mimi.

Naambiwa nilipiga kelele ya "Mama!" mpaka mwenye ukumbi akatoka chumba cha mashine. Naambiwa pia niliruka. Ninachokumbuka ni suruali kuachia kwa nyuma, kuanzia mshipi hadi karibu na goti, na kwamba nilitua mapajani mwa Miwani, kalamu ikiwa imesimama wima. Ndio maana nakaa upande.

 Kisha ukumbi ukaangua kicheko, na haukurudi tena kuwa vile ulivyokuwa. Waliucheka unga. Waliicheka futi. Cherehani ilipoanza kumfukuza mchimba kaburi, mzee mmoja alishuka chini ya kiti ili apate nafasi ya kucheka vizuri. Kumbe filamu ilikuwa nzuri muda wote, ila watu hawakujua kama wanaruhusiwa.

Nilikuwa narudi kitini kinyumenyume, nimeshikilia suruali, mkono mpole ukanigusa begani. Sauti tamu ya kizee ikaniuliza, mwanangu, umeumia? Nikageuka nimshukuru.

Alikuwa ni yeye. Yule wa kwenye jeneza. Mama mkwe wa Fundi, mwigizaji mkuu, amekuja kujitazama.

Wanasema kelele ya pili ilikuwa bora kuliko ya kwanza.

Shangazi alicheka hadi akasahau mpangilio wetu na kunifinya ovyo. Nilihesabu vicheko vyake hadi sitini na viwili, kisha na mimi nikaanza kucheka, hesabu ikapotea.

Jumapili, 9 Juni

Siku ya kushukuru, na nina wa kuwashukuru.

Mwenye ukumbi ametoa Jumamosi zote nne. Kamera haiuzwi. Mke wa Fundi mwenyewe ameiwekea kifuniko cha kitambaa cha maua. Fundi alikuja asubuhi na suruali mpya aliyonishonea, mshono wa nyuma umepitishwa mara mbili. Alisema tangu aanze filamu hajatendewa wema kama ile kelele yangu, na kwamba ni msanii tu anayejua kuanguka kwa wakati. Nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu.

Mama mkwe wake ameniletea salamu kwa simu. Nimeomba iwe simu.

Mhariri amesema makala yangu imetimia neno kwa neno, kwa kuwa sikutoka ukumbini nikiwa vile nilivyoingia. Safu ni yangu. Miwani nimemwomba radhi kwa paja lake, na yeye ameniomba radhi kwa kalamu yake. Amesema nyota yangu ya wiki hii inanionya niepuke sehemu zenye giza. Nafikiri ni njia yake ya kunipenda.

Jioni nilikwenda kumshukuru Shangazi. Akaniambia kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio, nishukuru kwamba kwangu kilikuja kile cha kwanza. Kisha akanieleza jambo jingine. Miaka yote hii alikuwa anajua kwamba napiga mistari kule jikoni. Filamu nyingine hazikuwa na cha kuchekesha hata kidogo, lakini alimfikiria aliyeitengeneza, akanifikiria na mimi na penseli yangu, akawa anacheka kidogo zaidi. Miaka minne ananichekea kwa mapenzi. Nikamwambia nampenda. Nilimwambia hivyohivyo, kwa mdomo wangu.

Akasema hataki kitu isipokuwa kimoja. Kile kiti kilicho kando yake nikikalie. Kutazama peke yako sio kutazama.

Nimeapa. Nimeapa kwa suruali mpya.

Jumatano, 12 Juni

Filamu mpya tatu zimeletwa! Mhariri anasema kila mwenye kamera sasa ananitaka mimi.

Nimetafakari kwa kina yaliyotokea wiki iliyopita ili kosa lisirudiwe. Nimeligundua. Halikuwa langu, wala la Shangazi. Lilikuwa la betri. Basi nikiwa njiani kwenda kwake nimepita dukani na kununua jozi moja, zile nzuri zenye mkanda wa dhahabu.

Ahadi nimeitimiza. Nimekaa kwenye kiti kando ya Shangazi, tukashikana mikono, tukazungumza. Kisha nikaangalia kasha. Kuna mkono unatoka ndani ya ndoo ya kupigia deki. Nikakumbuka kwamba uandishi una utaratibu wake, na utaratibu haubadilishwi ghafla. Nimemwachia Shangazi koti langu kitini asijione mpweke, nikaweka diski, nikampa rimoti, nikaingia jikoni na kuziba upenyo. Aliita kitu kutoka sebuleni, sikukisikia vizuri kwa sababu ya mlango.  Halafu akaanza kucheka, Mungu ampe maisha marefu.

Vicheko ishirini na tisa! Nyota tano bila ubishi. Makala imekamilika kabla ya chai.

Nilipopapasa mfuko wa suruali mpya kutafuta kifutio, nimekuta jozi ya betri, bado ziko kwenye karatasi yake. Na mimi nilinunua jozi moja tu. Bila shaka muuza duka ameniongezea nyingine kimyakimya. Dunia bado ina watu wema. Kesho nitapita kumshukuru.